Mimi ni Afisa Mipango, Sio Mtu wa Mipango

Juzi nilikuwa kwenye bodaboda, dereva akaniuliza, "Mzee, unapiga kazi gani?" Nikavimba kidogo, nikamjibu niko halmashauri, kitengo cha mipango. Kijana akapunguza mwendo, akageuza shingo, akasema kwa sauti ya chini, "Basi mzee usinisahau. Hata kiwanja kimoja tu."

Shida yangu ndiyo hiyo. Kiswahili chetu kimeniharibia kazi. Mjini hapa mtu wa mipango ni tapeli mwenye viatu safi, na ukisema una mpango watu wanataka kujua ni wa nyumbani au wa kando. Siku niliyoteuliwa kukaimu ukuu wa Idara ya Mipango na Uratibu nilirudi nyumbani na soda za kupongezana. Mama watoto akaisoma ile barua mara mbili, akaniuliza hiyo mipango iko mingapi mpaka ihitaji kuratibiwa. Mama yangu kijijini ndiyo usiseme. Nilimweleza kwenye simu kwamba mimi kazi yangu ni kupanga, akanyamaza, halafu akasema kwa huruma, "Mwanangu, miaka yote hiyo bado hujajenga?"

Na kweli sijajenga. Kwa hiyo mchana napanga, usiku nimepanga, na pande zote mbili kuna mtu ananidai.

Kwenye ajira cheo changu kinasomeka Mchumi. Nalo ni tatizo. Shemeji yangu kila akija kuazima hela ananikumbusha: mchumi gani mfukoni hana kitu? Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mimi nachumia kivulini, chini ya feni, ndiyo maana nalia juani. Shemeji huyohuyo aliposikia kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, alikuja saa kumi na mbili asubuhi na kikundi chake. Yeye mwenyekiti wa vijana. Ana miaka 51 na wajukuu wawili. Nikamwambia shemeji, hili haliwezekani. Akajibu eti ujana ni moyo, nimwandike kwa moyo.

Ninyi mnadhani mwaka unaanza Januari. Kwetu unaanza tarehe 1 Julai na unakata roho tarehe 30 Juni saa sita usiku, siku ambayo mhasibu hapokei simu hata ya mke wake. Katikati hapo unashuka mwongozo wa bajeti, na ndani ya mwongozo kuna kitu kinaitwa ukomo. Ukomo ni sufuria unayopewa na mtu asiyejua umealika wageni wangapi.

Wageni wenyewe nawaalika mimi. Tunakwenda vijijini kuibua vipaumbele kwa utaratibu wenye jina zuri kabisa, Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Vikwazo wananchi wanavitaja bila kupumua. Ikifika zamu ya fursa, mkutano mzima unaniangalia mimi na gari nililokuja nalo. Mwaka huu kijiji kimoja kilinipa vipaumbele 14. Nikawaomba wachague vitatu. Wakajadili kwa saa nzima chini ya mwembe, wakarudi na vipaumbele 16, maana waliokuwa shambani nao walikuwa wamefika.

Mwalimu Nyerere alisema mwaka 1969 kwamba kupanga ni kuchagua. Sibishani na Mwalimu. Ila siku hizi tumegawana kazi: kupanga napanga mimi, kuchagua wanachagua wengine. Natoka ofisini na zahanati, napita kwenye kamati inakuwa darasa, nafika kwenye baraza Mheshimiwa Diwani anasimama na kivuko. Nikiulizwa ile zahanati imekwenda wapi, natakiwa nijibu mimi, tena kwa maandishi, nakala saba.

Huku kote nimebeba mwaka 2050 kichwani. Dira mpya ya Taifa inataka ifikapo mwaka huo uchumi wetu uwe wa dola trilioni 1, na mimi nahudhuria vikao vya kuoanisha mpango wetu na hiyo trilioni. Nafanya bila wasiwasi, sifuri nazijua kuziandika. Halafu mtoto ananitumia ujumbe kikao kikiendelea: baba gesi imeisha. Nikiangalia ni tarehe 19. Hapo ndipo jasho linanitoka.

Lakini cha mwaka huu ni mzee mmoja wa kijiji hichohicho cha vipaumbele 16. Mkutano ulipoisha alinishika mkono, tukatembea mpaka kwenye boma la zahanati. Wananchi walilipandisha kwa nguvu zao: mawe, mchanga, tofali wakafyatua wenyewe, likafika kwenye lenta, likasimama hapo likisubiri serikali iezeke. Mzee akatoa daftari la msuli lililokunjamana kwapani. Kila mwaka alikuwa ameandika kwa mwandiko wa shule ya zamani: amekuja afisa mipango, amesema tumo kwenye bajeti. Akageuza ukurasa, amekuja afisa mipango, amesema tumo kwenye bajeti. Kurasa mbili zilizofuata ni mwandiko wake na maneno yangu. Mpaka shati aliandika: "Shati lilelile la bluu."

Nilikuwa nimelivaa.

Ndani ya boma, mahali ambapo kwenye mchoro ni chumba cha kujifungulia, umeota mpapai. Mrefu, umenyooka, umeshaupita ukuta. Mzee akauangalia, akaniangalia, akasema, "Huu hatukuuingiza kwenye mpango wowote, baba. Umejitekeleza wenyewe." Akachukua mti mrefu, akaangua papai moja kubwa, akanipa. Nilitaka kukataa kwa sababu za kimaadili, lakini uso wa yule mzee haukuwa wa kukataliwa mara ya pili.

Nikafika nalo nyumbani saa mbili usiku. Mama watoto akauliza limetoka wapi, nikamwambia ni la kwenye mradi. Akachukua kisu. Vipande vinane: watoto wanne, dada wa kazi, yeye mwenyewe, kimoja akamfunikia jirani, kimoja shemeji, ambaye sijui aliingia saa ngapi ila alikuwa ameshakaa na sahani.

Nikauliza, na mimi je?

"Wewe nimekuweka," akasema huku anafuta kisu. "Bajeti ijayo."

Shemeji akacheka mpaka papai likamwenda kombo.