Aliomba Gazeti la Serikali, Akapewa Habari Leo

Mzee mmoja aliingia maktabani asubuhi akiwa na kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la shule, akamwomba kijana wa mapokezi ampatie Gazeti la Serikali. Kijana alimwamkia kwa adabu, akamwonyesha kiti karibu na dirisha, kisha akamletea Habari Leo ya siku ile. Mzee aliligeuza upande huu na ule, akalirudisha mezani na kusema, "Mwanangu, hili nimeshalisoma kwa kinyozi. Mimi nataka lile lenye sheria."

Wakati huo nilikuwa mkutubi katika maktaba ya umma mkoani, na mazungumzo hayo niliyasikia nikiwa nyuma ya rafu. Sikumlaumu kijana, maana mtaani gazeti la serikali ni gazeti linalomilikiwa na serikali, na ni watu wachache wanaojua kwamba lipo jingine, lisilo na picha wala habari za michezo, ambalo hutoka kila Ijumaa likiwa na matangazo ya mirathi, uteuzi, usajili wa viwanja na, katika nyongeza zake, kanuni, amri na sheria ndogo zinazoamua nani alipe ushuru gani na mpaka wa nini uko wapi. Nilichojilaumu ni kwamba kijana yule tulimwajiri, tukamfundisha kupanga vitabu kwa namba na kutoza faini za waliochelewesha, na hakuna hata siku moja tuliyomketisha tukamweleza Gazeti la Serikali ni kitu gani na tumeliweka wapi.

Kwenye kikaratasi cha mzee palikuwa na herufi mbili, GN, kifupisho cha Kiingereza cha Tangazo la Serikali (Government Notice), na namba yenye tarakimu tatu. Mwaka haukuwepo. Aliyewahi kutafuta Tangazo la Serikali anajua maana yake: namba hizo huanza upya kila Januari, kwa hiyo namba isiyo na mwaka ni sawa na kutajiwa nyumba namba kumi bila kutajiwa mtaa. Nilimuuliza mwaka, hakuujua. Nikamuuliza jambo lenyewe linahusu nini, akanieleza kwamba kijijini kwao kuna msitu uliotangazwa kuwa hifadhi, kwamba hivi karibuni watu wa kata wameambiwa mashamba yao yamo ndani ya mpaka, na kwamba kila wakiuliza mpaka uko wapi hujibiwa kuwa umeandikwa kwenye GN. Nikamuuliza wapima walikuja lini. Akafikiri kidogo, akasema walikuja mwaka uliofuata mvua za El Niño, kwa kuwa barabara ilikuwa bado imekatika na wao walifika kwa miguu.

Hapo tukawa tumepata pa kuanzia. Mvua zile zilinyesha mwishoni mwa 1997 na kuendelea 1998, na kwa kuwa tangazo laweza kutoka miaka kadhaa baada ya upimaji, tuliyashusha majalada kuanzia 1999 na kusonga mbele. La kwanza halikuwa na kitu. La pili lilijalidiwa bila nyongeza, kosa ambalo kila mkutubi wa zamani analifahamu: magazeti yenyewe yamefungwa vizuri kwa jalada gumu, lakini nyongeza, ambazo ndizo zenye amri na kanuni, hazipo. La tatu ndilo lililokuwa na amri aliyoitafuta, nusu ukurasa wa Kiingereza cha kisheria ulioeleza mpaka kwa alama za upimaji, mito na nyuzi za dira. Mashine ya nakala ilikuwa mbovu. Mzee alikaa pale dirishani, mimi nikamsomea kwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi, naye akaandika yote kwa mkono wake kwenye kurasa tatu. Kazi ile ilitumia saa mbili na nusu za siku yangu, na katika ripoti ya mwezi ilihesabiwa kama msomaji mmoja.

Naeleza kisa hiki kirefu kwa sababu ndicho kinachonifanya nisikubaliane na wenzangu wengi katika taaluma hii, ambao ukizungumza nao juu ya upatikanaji wa taarifa za serikali hukuelekeza kwa waandishi wa habari, mawakili na asasi za kiraia, kana kwamba jambo hilo ni la watu wa harakati na sisi yetu ni kuhifadhi vitabu na kunyamazisha wanafunzi. Mimi naona kinyume chake. Kumsaidia mwananchi kuipata taarifa ya serikali ni huduma ya rejea, yaani kumwongoza msomaji mpaka alipate jibu analolitafuta, ile ile tuliyosomea, na mkutubi anayeikwepa anakwepa sehemu ya kazi yake.

Haki yenyewe ipo katika maandishi. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6, inayotumika Tanzania Bara, ambayo inazitaka taasisi za umma kuteua maofisa wa kushughulikia maombi ya taarifa na kuyajibu ndani ya siku 30. Mwaka huo huo Kenya nayo, ikitekeleza Ibara ya 35 ya Katiba yake ya 2010, ilipata sheria yake, Na. 31, ambayo ina muda mfupi zaidi: siku 21, na saa 48 pale taarifa inapohusu uhai au uhuru wa mtu. Sheria ya Kenya inasema pia kwamba ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kifungu ambacho mimi nakithamini kuliko hata zile saa 48, kwa sababu wengi wanaohitaji taarifa hukwama kwenye barua kabla hawajafika kwenye kusubiri.

Barua ndiyo kikwazo. Mwananchi anayetaka kujua fedha za zahanati zimekwenda wapi ataandika, kama ataandika, kwamba "tunaomba kujua kuhusu zahanati yetu," na ofisa atakayeipokea, hata akiwa mwema kiasi gani, hatajua ampe nini. Ombi linalojibika hutaja waraka: mkataba wa ujenzi, taarifa ya mapato na matumizi ya robo fulani ya mwaka, muhtasari wa kikao cha tarehe fulani. Na ni nani katika mji mdogo anayejua kuwa waraka huo upo, unaitwaje, hutolewa na ofisi gani na kwa kipindi gani? Mkutubi, au angalau ndivyo inavyopaswa kuwa. Ufundi wa kuligeuza hitaji la mtu, lililosemwa kwa kuzungukazunguka, likawa swali linaloweza kutafutiwa jibu, ndio ufundi wetu hasa. Nilipomuuliza mzee kuhusu El Niño sikuwa nafanya siasa, bali nilikuwa nafanya nililofundishwa darasani.

Huwa naambiwa, hapo, kwamba mkutubi ni mtumishi wa umma na anapaswa kujihadhari asionekane anawachochea watu dhidi ya mwajiri wake. Hofu hiyo naielewa, na siwezi kuidharau kwa kuwa nimewahi kuwa nayo. Baada ya mzee yule kuondoka, mkubwa mmoja aliniuliza, kwa sauti ya upole mno, kama nilikuwa na uhakika kwamba nyaraka zile ni za kumpa kila mtu. Nilimjibu kwamba Gazeti la Serikali huchapishwa na Mpigachapa Mkuu wa Serikali kwa lengo la kuwatangazia watu, na kwamba tukilificha sisi, mzee ataendelea kuambiwa kuwa sheria imetangazwa na kutojua kwake si utetezi. Hakuniuliza tena, lakini kwa wiki mbili nililala vibaya.

Kinachosaidia ni kuujua mpaka wa kazi. Mkutubi si wakili. Simwambii mzee kwamba shamba lake liko nje ya hifadhi, wala simwandikii hoja za kwenda nazo kwenye baraza la ardhi. Nampa maandishi, namsomea kama hawezi kuyasoma, na namweleza ni ofisi gani yenye ramani inayoambatana na tangazo. Kanuni za maadili zilizopitishwa mwaka 2012 na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, zinamtaka mkutubi atenganishe imani zake binafsi na wajibu wake wa kitaaluma, na watu huzisoma kana kwamba zinatuambia tukae kimya. Kanuni hizo hizo zinasema kazi yetu kuu ni kuhakikisha kila mtu anapata taarifa. Kutopendelea upande kuna maana kwamba ofisa wa halmashauri akija kesho kutafuta amri ile ile atahudumiwa kwa saa zile zile mbili na nusu.

Kuna upande wa pili wa kazi hii ambao hauonekani kaunta, nao ni wa kukusanya. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 inawataka wachapishaji wawasilishe nakala za machapisho yao kwenye maktaba ya taifa, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na taasisi za serikali ni wachapishaji kama wengine. Hata hivyo, katika miaka yangu ya kazi nimeona ripoti nyingi za umma zikizinduliwa hotelini kwa vitambaa na keki, nakala zikagawiwa waalikwa kwenye mikoba, na maktaba isipate hata moja. Nimewahi kuitafuta ripoti ya namna hiyo kwenye ofisi iliyoiandika nikaambiwa yule aliyekuwa nayo amehamishwa.

Siku hizi tunaambiwa kila kitu kipo mtandaoni, na ni kweli kwamba mambo mengi yamerahisika: Taarifa Rasmi za Bunge zinasomeka kwenye tovuti ya Bunge, hukumu na sheria ziko TanzLII, tovuti ya bure ya sheria za Tanzania. Sina ugomvi na hayo, nayatumia kila siku. Lakini tovuti si jalada. Wizara ikigawanywa au ikiunganishwa na nyingine, tovuti yake hubadilishwa jina, na viungo vya ripoti za miaka iliyopita huishia kwenye ukurasa mtupu. Wamarekani, ambao bunge lao lilianza mwaka 1813 kugawa nakala za nyaraka zake kwa vyuo na vyama vya historia, na ambao leo wana maktaba zaidi ya elfu moja zinazopokea machapisho ya serikali kuu kwa sharti la kumfungulia kila mwananchi bila malipo, waliiona hatari hiyo mapema. Tangu 2008 maktaba na taasisi kadhaa kule hushirikiana kunakili tovuti za serikali kila muhula wa urais unapokwisha. Ugawaji wa majalada ni jambo la sheria na bajeti, lakini hili la kunakili tovuti lilianzishwa na watu wa maktaba na wenzao wa kumbukumbu za mtandaoni bila kungoja kuamriwa, na halihitaji utajiri wa Marekani. Maktaba ya mkoa yenye kompyuta moja na diski ya nje inaweza kupakua sheria ndogo, bajeti na taarifa za halmashauri zake kila robo mwaka, ikaziorodhesha kwenye katalogi kama inavyoorodhesha riwaya.

Tena ni za halmashauri hasa. Ripoti ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali ikitoka Aprili itasomwa na magazeti yote, na haitapotea. Kinachopotea ni sheria ndogo ya ushuru wa soko, ambayo mama muuza mboga anatozwa kwayo kila asubuhi na hajawahi kuiona, na ambayo mkusanya ushuru mwenyewe huenda hajawahi kuiona. Hiyo hakuna gazeti litakaloichapisha, wala asasi ya mjini itakayoihifadhi. Kama haipo kwenye maktaba ya pale pale, haipo.

Wanafunzi wa ukutubi wanaonitembelea, wengi wao kutoka chuo chetu cha Bagamoyo, huniuliza waanzie wapi. Huwaambia waanze kwa kuhakikisha kila aliyeko mapokezi anajua tofauti ya Gazeti la Serikali na Habari Leo, waweke kaunta mfano wa barua ya kuomba taarifa kwa Kiswahili ukiwa na nafasi tupu za kujaza jina la waraka, ofisi na kipindi, na wafungue daftari la maswali yaliyoshindikana. Langu nililifungua jioni ya siku ile. Mstari wa kwanza ni lile jalada la pili, lililojalidiwa bila nyongeza: niliandika mwaka wake, kisha nikaandika barua ya kuomba nyongeza zilizokosekana. Jibu lilikuja baada ya miezi saba, likiwa na bahasha nene na karatasi zilizokwisha kuwa njano pembeni, na fundi wa kujalidi alikuwa ameshastaafu, kwa hiyo nilizishona mwenyewe kwa uzi wa viatu.