Mbuzi wa Kiamaiko Anajua Kusoma Kalenda

Hivi mbuzi wa Kiamaiko, lile soko la mbuzi la Nairobi, huwa anasoma kalenda? Novemba ni mbuzi tu, anatafuna makaratasi kando ya barabara. Ikifika tarehe 20 Desemba, ghafla ni mheshimiwa. Ukiuliza bei, muuzaji anakuangalia kama umemtusi: "Bosi, si ni Krismasi?"

Haya, tule chapati. Unga wa ngano umepanda, mafuta yamepanda, na wageni nao wamepanda matatu kuja kwangu. Nyanya pale sokoni Marikiti zimepangwa tatu tatu kama vito. Tatu! Kachumbari ya watu kumi na mmoja niikatie kwenye kijiko?

Na nani aliamua lazima iwe mbuzi? Yesu alizaliwa zizini, jamani, na hatujasikia aliyemchomea mishikaki. Lakini thubutu kuweka sukuma wiki mezani tarehe 25 uone shemeji atakavyonyamaza. Kimya hicho ni ghali kuliko mbuzi.

Mwaka jana nilinunua mzima. Aliisha kabla sijanawa mikono. Januari, karo ilipobisha hodi, nilitamani nimtapike nimrudishe sokoni.

Na jana, wenzangu, nimepiga tena simu Kiamaiko.