Ada ya oili chafu ina pa kwenda, oili yenyewe haina

Jamani kuna watu wanasema biashara ya gereji inalipa. Nakubali inalipa, inalipa leseni, inalipa ushuru wa huduma, inalipa taka, inalipa zimamoto, inalipa bango, inalipa TRA, sisi wenyewe tu ndo hatujaanza kulipwa.

Na nilishazoea, sio siri. Mtu akishuka kwenye pikipiki na koti la kuakisi mwanga na kitabu cha risiti namvutia benchi kabla hajanisalimia. Sasa majuzi nimepandishwa cheo. Kwa barua, ina muhuri, mimi ni mzalishaji wa taka hatarishi. Mama watoto kaisoma jikoni kaniangalia kuanzia ndala mpaka kichwani, akasema kumbe siku zote nalala na kiwanda na hela ya mboga bado tunagombana.

Kilichonichoma ni bango. Bango lenyewe nalilipia, dogo wa mtaani kalichora, TUNABADILISHA OILI, TUNAUZA BETRI NA KUPOKEA MBOVU, na pembeni kuna gari ambalo hata mimi fundi siwezi kukwambia ni aina gani. Basi akapita dada mmoja afisa wa halmashauri, binti mdogo ana adabu zake, shikamoo fundi. Ukiona mtu wa halmashauri anakuamkia shikamoo jua kuna hela inaenda kutoka. Marahaba mwanangu karibu. Akasimama chini ya bango akalipiga picha na kishikwambi, nikajua leo mambo ni kulipima upana, nikaanza kujitetea kwamba kona ile imekatika na upepo, kumbe mwenzangu hana habari na upana, anasoma maandishi. Fundi, hiyo oili mnayobadilisha ile ya zamani inaenda wapi?

Wakuu hilo swali ukiulizwa ghafla usijibu. Spanaboi wangu akajibu. "Inachukuliwa na watu."

Na kweli inachukuliwa, hilo ndo tatizo lenyewe. Taka gani duniani ina wateja hivi? Mzee jirani anajenga, kila Jumamosi yupo na dumu anataka ya kupaka kenchi mchwa wasije. Wafua sufuria wanaitaka wakawashie tanuri. Mwenye duka anaimwagia mbele ya duka vumbi litulie. Kuna mama alikuja na kopo la maziwa ya watoto anataka kidogo tu ampake mbwa wake ana ukurutu, mbwa mwenyewe kamsindikiza, kasimama pale anatutazama kama anayejua kinachoendelea. Gari la taka peke yake ndo halijawahi kuitaka, wale vijana wakiona dumu jeusi wanasema hilo sio letu hilo, na ada ya taka ya mwezi nimelipa, wanabeba maganda ya ndizi wanaondoka.

Dada akatoa fomu. Ile fomu ningependa aliyeitunga siku moja aje tunywe naye chai. Aina ya taka. Kiasi kinachozalishwa kwa mwezi. Hali yake, ni yabisi, kimiminika au gesi. Inahifadhiwaje. Inasafirishwa na nani mwenye kibali. Halafu chini kabisa, mahali pa mwisho pa kutupia. Nikasema mwanangu hapo ndo nilikuwa nasubiri uniambie wewe. Akasema hapana baba, kisheria mzalishaji ndo anayewajibika na taka yake, sheria ya mazingira ya 2004 inasema hivyo na kanuni za taka hatarishi za 2019 zinafafanua. Nikamuuliza dampo je? Akasema dampo la kawaida haliruhusiwi kupokea. Mtaroni? Akanitazama vibaya. Kwa hiyo pa kwenda hakuna, ila kisanduku cha kuandika jibu kipo, na kina nyota nyekundu ya lazima.

Kwenye kiasi napo tukakwama. Lita ngapi kwa mwezi? Sasa inategemea na gari. Gari dogo zima unaweka lita nne, akirudi unatoa karibu lita nne, hesabu safi. Lakini hizi Noah za huku kwetu zinakula oili, mwaka mzima mwenye nayo anaongeza tu hamwagi, siku akileta ukifungua nati chini linatoka tope la nusu kikombe. Nyingine yote ishatokea kwenye ekzosi, maana yake taka hatarishi kaigawa kutoka Gongo la Mboto mpaka Posta bila kibali na hakuna aliyempa fomu, mimi nimepokea nusu kikombe cha mwisho nimekuwa mzalishaji. Spanaboi kwenye hali ya taka alikuwa ameandika "nzito". Dada akafuta.

Halafu akatufundisha, na nasema ukweli alitufundisha vizuri. Akasema taka hizi zina orodha ya dunia nzima, kuna mkataba unaitwa Basel, jina la mji wa kule Uswisi, wa mwaka 1989, Tanzania tumeingia 1993, na mle kila taka ina namba yake. Maji ya betri yana namba, risasi iliyomo kwenye betri ina namba, zebaki ya kwenye tyubu laiti ina namba, na oili chafu namba yake ni Y8. Yaani lile dumu langu la lita ishirini lisilo na mfuniko linatambulika Uswisi. Mimi NIDA kwa muda mrefu nilitembea na namba niliyoandika kwenye karatasi ya sigara, kadi yenyewe sijui iko wapi, na oili niliyoitoa asubuhi kwenye bajaji ina namba ya kimataifa tayari.

Sasa msije mkasema fundi anapinga mazingira. Sipingi. Betri naziogopa kuliko nyie. Kuna fundi betri namjua alikuwa anapasua mbovu anamwaga asidi nyuma ya banda, anayeyusha risasi kwenye sufuria ya kawaida anamimina vyuma vya kuzamisha nyavu, na watoto wake wanacheza palepale na kile kijivu. Risasi ikiingia kwenye damu ya mtoto inaenda kwenye akili, haina dozi ya kusema hii ndogo haina neno. Hapo jirani Mombasa, Owino Uhuru, kilikuwepo kiwanda cha kuyeyusha betri katikati ya makazi, watu wakaumwa na watoto wakakutwa na risasi mwilini, kesi ikapanda ikashuka mpaka Desemba 2024 mahakama ya juu ya Kenya ikarudisha fidia yao ya shilingi bilioni 1.3 za kwao. Na sehemu ya mzigo mahakama iliziangushia taasisi za serikali zilizokiachia kifanye kazi. Hiki ndo kitu ninachokisema kila siku gereji wananiona mbishi. Karatasi zilikuwepo. Moshi ulipita juu ya karatasi.

Kwa hiyo nikamwambia dada mimi nipo tayari, nielekeze. Akanielekeza. Kwanza daftari la taka, kila unachotoa uandike. Pili sehemu ya kuhifadhia iwe na sakafu ya saruji na ukingo, oili ikimwagika isitoke. Tatu vyombo viwe na mfuniko na maandishi. Haya yote sawa, na ni ya maana, saruji nimeweka mwenyewe na spanaboi Jumapili. Nne mtaalam aliyesajiliwa aje afanye ukaguzi wa mazingira aandike ripoti, na huyo unamlipa mwenyewe. Nikauliza bei nilipoambiwa nikakaa. Ile bei angeniambia anakuja kununua gereji ningemshukuru nimpe na funguo. Tano ada ya mwaka. Sita ukaguzi wa halmashauri ambao unafanana na ule wa mtaalam ila huu unakuja na faini yake mfukoni. Saba mkusanyaji mwenye kibali cha kubeba taka hatarishi, naye anakulipisha. Kila kimoja na kontrol namba yake kwenye simu. Meseji za kontrol namba kwangu zimeshapita meseji za kubeti.

Mwaka 2019 si tulisikia bungeni ada na tozo 54 zinafutwa na kupunguzwa, ule mpango wa kuboresha mazingira ya biashara? Tulishangilia hapa mpaka jeki ikateleza. Mimi nadhani zile tozo zilivyofutwa huko zilikosa pa kukaa zikaja kuulizia mtaa wetu.

Na kinachoniuma sio hela peke yake, ni kwamba ni mimi tu. Baada ya kwangu dada alipita kwa fundi simu kibanda cha pili. Mnamjua fundi simu, ana droo moja imejaa betri za simu zilizovimba, zimevimba kweli, ukivuta droo zinagoma kutoka, kuna siku moja ilifuka moshi akaitupa mtaroni kwa koleo. Dada kakaa pale kama nusu saa nikasema leo na yeye. Alikuwa anabadilishiwa kioo. Fundi friji anaachia gesi hewani mchana kweupe pssss anahama upande upepo usimpige, hana bango, hana fomu. Saluni wanamwaga dawa ya nywele ambayo hata mende wanavuka barabara wakiisikia. Mimi mwenye bango ndo taifa zima limeniona. Bango nimelilipia ili wanione wateja, sikusema wote.

Nikampigia mkusanyaji mwenye kibali. Mstaarabu sana, akaniuliza una mapipa mangapi. Nikasema nina dumu. Kimya. Akasema fundi mimi lori langu halianzi kuwashwa kwa dumu, kusanya angalau mapipa kadhaa. Nikamwambia kanuni haitaki nirundike. Akasema ndo hivyo kaka. Kwa hiyo nisipoijaza haji, nikiijaza nimevunja sheria, na mzee wa kenchi yupo pale mlangoni na dumu lake ananiambia fundi leo hata robo tu.

Na hapa huwa nacheka peke yangu, wazee wa Tabata watanielewa. Miaka ya themanini Jiji la Dar lilikuwa linamwaga taka za mji mzima Tabata katikati ya watu, zinaungua zinafuka, mwaka 1988 wakazi wakaenda mahakama kuu wakalishtaki na wakashinda, jiji likaambiwa litafute pengine. Taka zikaanza kuhamahama kama mpangaji anayedaiwa kodi, zikakaa Vingunguti, zikakaa Mtoni, mpaka zikatua Pugu Kinyamwezi. Jiji zima hilo, lina malori, lina bajeti, lina mawakili, na swali la mahali pa mwisho pa kutupia limelisumbua miaka na miaka. Mimi nina spanaboi na baiskeli ya kuazima nijibu kwa herufi kubwa kabla ya Ijumaa.

Hela kama ni lazima ichukuliwe basi ichukuliwe na oili. Ndo ombi langu pekee. Chukua hiyo ada yangu, changanya na za gereji zote za kata, weka tenki moja la chuma pale ofisi ya kata, lina mfuniko na kufuli, kila fundi aje na dumu lake asainiwe, lori la mwenye kibali lije mara moja kwa mwezi lifyonze. Daftari litajaa lenyewe na kile kisanduku cha nyota nyekundu nitakiandika kwa mwandiko mzuri. Nilimwambia dada hili, akaniambia wazo zuri baba liandikie barua. Nimeandika. Nimejibiwa nilipie ada ya kushughulikia maombi.

Tukaona tusisubiri, tumeongea mafundi wa hii barabara, hata yule wa pikipiki ambaye huwa hatuongei kwa ajili ya spana yangu namba kumi na saba, tumechanga tukanunua pipa la lita mia mbili, zima, lina mfuniko. Likijaa tunatafuta la pili, yakifika ya kutosha tunamuita mwenye lori tunagawana gharama. Tumelipaka rangi ya njano, tumeandika HATARI, ila ndani ya banda halikuenea mpaka tuvunje ukuta, tukaliweka kwanza pale nje kandokando ya barabara wakati tunamsubiri fundi mwashi.

Halikumaliza hata asubuhi. Kaja dada wa maegesho na kimashine chake, kalizunguka mbele, kalizunguka nyuma, kauliza hili linaegeshwa na nani na namba yake iko wapi.

Spanaboi kamjibu, "Y8."

Dada kaiingiza.