Chanjo ya nimonia: dozi ya mwisho ichomwe lini?

Bakteria wa nyumokokasi, wanaoleta nimonia, huvaa ganda la sukari, na aina za maganda yake zimeshapita 100. Mtoto wa chini ya miaka 2 halitambui vizuri ganda hilo likiwa peke yake, ndiyo maana chanjo ya zamani inayolenga aina 23 za maganda, ya sukari tupu, haimfai. Chanjo anazopewa sasa zimefunga sukari hiyo kwenye protini. Protini huamsha seli T, askari wa kinga ya mwili, nazo husaidia wenzao, seli B, kutoa kingamwili na kutunza kumbukumbu.

Ubishi umebaki kwenye ratiba. Shirika la Afya Duniani linakubali dozi tatu zote za mapema, au mbili kisha ya nyongeza kati ya miezi 9 na 18. Wanaotetea dozi tatu za mapema si wabishi bure: nimonia huwalemea zaidi wasiotimiza mwaka, na baada ya dozi mbili kingamwili dhidi ya aina kama 6B na 23F huwa bado haba. Isitoshe, mama humleta mtoto kliniki wiki ya 14 kwa urahisi kuliko akishaanza kutembea.

Ila kingamwili hizo za mapema hushuka upesi. Nyongeza ya mwaka wa pili huikuta kumbukumbu tayari, ikazipandisha kwa kasi. Tena mtoto wa umri huo ndiye hubeba bakteria puani na kuwasambazia wengine. Akikingwa yeye, wachanga na mababu nao hupona. Uingereza iliegemea hoja hiyo Januari 2020 ilipobakiza dozi mbili tu, ya wiki 12 na ya mwaka mmoja. Mimi naikubali hatua hiyo pale tu ambapo chanjo imeenea kwa miaka na bakteria wa aina zilizomo wameadimika. Kwingineko, mchanga ndiye atakayelipa.

Kwa wazee hesabu hugeuka. Utafiti wa Uholanzi uliohusisha watu takriban 85,000 wa miaka 65 na zaidi ulionyesha chanjo ya aina 13, yenye protini, ilipunguza nimonia ya aina zilizomo kwa karibu asilimia 46. Si haba, japo nimonia kwa jumla haikupungua kwa kiasi cha kujivunia. Na mpangilio nao una lake: mzee aliyetangulia kuchomwa ile ya sukari tupu, akija kupewa yenye protini, mwili wake huitikia kwa unyonge kuliko wa mwenzake aliyeanza na yenye protini.