Ile video ya mimi na propela, naomba niieleze mwenyewe

Najua mmeshaiona. Yule rafiki yangu, ambaye kuanzia leo nitamwita Mpiga Picha, ameirusha kila kundi hadi la familia, na chini yake ameandika "Fundi na mgonjwa wake". Sawa. Ila video inaanzia katikati, kwa hiyo mnachoona ni mtu mzima anakimbiza gari tupu huku amekumbatia bomba la chuma, ndiyo propela yenyewe, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Kuna maelezo.

Gari langu la fo-wili lilikuwa na mlio. Krrr, krrr, krrr, kwa mbele, na ukiongeza mwendo nao unaongeza. Mwenye akili angeanza na mepesi: aliache gari litembee gia ikiwa huru asikie kama mlio unabaki, aguse breki kidogo, akate kona kushoto na kulia. Mimi nilikuwa nimeshatazama video tatu za mafundi, kwa hiyo nikaanzia tumboni. Nikamwaga oili ya difu ya mbele, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, kutafuta chembe za chuma. Ikatoka safi. Nikakasirika. (Ndiyo, nilikasirika kwamba difu ni nzima. Endeleeni kucheka.)

Hukumu ikaiangukia propela ya mbele: krosi, vile viungio vya kwenye ncha zake, zimekwisha. Boliti nne huku, nne kule, vidole vikachubuka, propela ikatoka. Na tairi nilikuwa nimeliwekea jiwe, hapo msinisingizie.

Nikasimama na propela yangu kifuani, nikamgeukia Mpiga Picha, nikaanza kufundisha. "Gari hili fo-wili yake ni ya kudumu. Nguvu ya injini inapitia difu ya kati, na difu hiyo inaipeleka kule kwepesi. Sasa propela ya mbele haipo, nguvu yote itaishia kuzungusha flenji tupu, kile kisahani ilipokuwa imefungwa. Bila kuiloki difu ya kati, gari hili halisogei hata inchi." Nikasema hivyo huku nalisukuma jiwe kwa mguu. Hendibreki? Mimi huwa naegesha kwa gia. Lilikuwa gia ya kwanza, injini imezimwa, kwenye kimteremko ambacho hata maji yanakifikiria.

Likasogea.

Inchi ya kwanza nilidhani ni macho. Ya pili nikamtazama Mpiga Picha, eti yeye ndiye mwenye majibu. Ya tatu ndipo nikaelewa: difu ile ile niliyotoka kuisifu ilikuwa inazungusha flenji tupu kinyumenyume na kuyaachia magurudumu ya nyuma yatembee yatakavyo. Gia ilikuwa haijashika chochote. Nikavuta mlango, umefungwa. Ufunguo uko mfukoni, na mfuko umebanwa na propela. Kwa nini sikuitupa propela? Jamani, hata mimi nimejiuliza.

Basi injini kimya, propela mikononi mwangu, na gari linanipita polepole kama bibi harusi, likisema: krrr, krrr, krrr. Gurudumu la mbele kushoto. Sikuwahi kuusikia mlio ule vizuri kiasi kile. Mpiga Picha naye aliusikia, ndiyo maana hapo video inatikisika.

Lundo la mchanga la jirani likalipokea, halikupata hata mkwaruzo. Fundi wa kweli akaja, akavua tairi, akachomoa kijiwe kilichokwama kati ya diski ya breki na lile bati la kukinga vumbi. Kidogo kama jino la mtoto. Akaniwekea kiganjani bila kusema neno. Angenitukana tu.

Propela nimeirudisha mwenyewe. Mlio umekwisha, ila sasa gari linatetemeka. Kumbe flenji zilitakiwa kuwekwa alama kabla ya kufunguliwa, zirudi vilevile zilivyokuwa. Mpiga Picha ameshauliza naanza saa ngapi. Anachaji simu.