Kiti kimoja cha Bunge la Marekani kinapotiwa bei

Mwaka 2024, Adam Gray wa Democrat alimshinda John Duarte wa Republican katika wilaya ya uchaguzi ya 13 ya California kwa tofauti ya kura 187. Miaka miwili kabla, Duarte ndiye aliyembwaga Gray, kwa kura 564. Viti vya aina hii ndivyo huamua nani ashike Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 435, na sasa kuna masoko ya utabiri yanayouza mikataba juu yake. Chama ulichokichagua kikishinda, mkataba unakulipa dola 1. Kikishindwa, huambulii kitu. Ukiuzwa senti 60, soko linakipa chama hicho nafasi ya takriban asilimia 60.

Tume ya shirikisho inayosimamia biashara hii, CFTC, ilikataa mwaka 2023 mikataba ya kampuni ya Kalshi kuhusu chama kitakachoshika Bunge. Kalshi ikaenda mahakamani na Septemba 2024 ikashinda.

Wanaoyatetea masoko haya wana hoja nzito. Kura za maoni katika wilaya moja ni chache, na nyingi hulipiwa na wagombea wenyewe. Wataalamu wa takwimu nao huteleza: mwaka 2022 FiveThirtyEight, tovuti ya kutabiri uchaguzi kwa takwimu, ilimpa mgombea Marie Gluesenkamp Perez wa Democrat nafasi ya asilimia 2 hivi katika wilaya ya 3 ya Washington, naye akashinda. Mkazi anayejua mambo ya mtaani kwake, tena anayeweka fedha zake mwenyewe, anaweza kuona ambacho wachambuzi hawakioni. Hilo nalikubali kabisa.

Tatizo ni kwamba soko la wilaya moja huwa na watu wachache. Kwenye soko la Intrade mwaka 2012, mtu mmoja alimwaga mamilioni ya dola upande wa Mitt Romney, mgombea urais wa Republican, na bei ya Romney ikabaki juu kuliko kwingine. Huo ulikuwa uchaguzi wa rais, wenye wachezaji wengi. Katika wilaya moja, fedha kidogo tu zinatosha kupandisha bei, na wafadhili wanaotafuta pa kupeleka michango yao wakaiamini.

Linalonitia hofu zaidi ni wale walio ndani ya kampeni. Wilaya ya 13 ilisubiri matokeo karibu mwezi mzima, na muda huo wapambe wa pande zote walikuwa wakiwafuata wapiga kura ambao saini kwenye bahasha zao za kura za posta zilikuwa na kasoro, ili wazirekebishe kura zihesabiwe. Mpambe anayejua ni bahasha ngapi zimebaki anajua kuliko soko zima. Watetezi watasema akinunua mkataba, bei itakaribia ukweli. Lakini huyohuyo ana uwezo wa kuacha kugonga baadhi ya milango, na kwa tofauti ya kura 187, milango hiyo ina uzito.

Kwa hiyo mikataba ya Baraza zima naiona haina ubaya mkubwa. Ya wilaya mojamoja iwekewe masharti: wafanyakazi wa kampeni na wasimamizi wa uchaguzi wapigwe marufuku, na kila mchezaji awe na ukomo. Soko la Chuo Kikuu cha Iowa, lililoanza mwaka 1988, liliweka ukomo wa dola 500 kwa akaunti. Fedha hizo zinatosha kwa mkazi anayejua mtaa wake, ila ni ndogo mno kwa anayetaka kuisukuma bei.