Ajali ya kutua Toronto: tuulaumu upepo au marubani?

Tarehe 17 Februari 2025, ndege ndogo ya abiria aina ya CRJ-900, ikitoka Minneapolis kwa jina la shirika la Delta la Marekani, ilijibamiza kwenye njia ya kutua ya uwanja wa ndege wa Pearson, Toronto, Kanada. Mguu wa magurudumu wa kulia ulivunjika, bawa likang'oka, moto ukalipuka, na ndege ikapinduka miguu juu. Watu wote 80 walitoka hai.

Wanaoutetea upande wa marubani wana hoja nzito. Siku ile upepo ulivuma kutoka mbele upande wa kulia kwa kilomita 52 kwa saa, ukipanda kwa ghafla hadi 65, na theluji ikipeperushwa juu ya lami. Upepo wa namna hiyo una hila: ukiongezeka, ndege inapata kasi na kubebwa, ukikatika, inazama. Ripoti ya awali ya bodi ya uchunguzi ya Kanada inaonyesha hivyo hivyo. Ndege ikiwa karibu mita 50 kutoka ardhini, kasi ilipanda hadi karibu kilomita 285 kwa saa. Nguvu za injini zikapunguzwa. Muda mfupi baadaye kasi ikashuka, na ndege ikaanza kuporomoka.

Lakini uwanja ulikuwa wazi na ndege nyingine zilikuwa zikitua. Upepo peke yake hauelezi namba zilizofuata. Ndege iligusa chini ikishuka futi 1,100 hivi kwa dakika, wakati miguu yake imepimwa kuhimili 720. Ilikuwa imelalia kulia zaidi ya nyuzi 7, kwa hiyo kishindo chote kikaangukia mguu mmoja. Pua nayo ilikuwa imeinuliwa nyuzi 1 tu, ilhali kwa kawaida huwa kati ya 3 na 8.

Wengine wanauliza kwa nini hawakupaa tena. Swali zuri, ila limechelewa. Mtambo wa tahadhari ulipopaza sauti, zilibaki chini ya sekunde 3. Injini zilizopunguzwa huchukua sekunde kadhaa kurudisha nguvu, kwa hiyo hata wangeongeza nguvu wakati ule, ndege ingegonga tu. Uamuzi wa kuokoa safari ulikuwa wa mapema zaidi, pale kasi ilipopanda. Nguvu inayopunguzwa karibu na ardhi, katikati ya upepo unaobadilika, lazima mtu awe tayari kuirudisha papo hapo.

Na hapo ndipo ninapokataa kumbebesha mzigo wote rubani msaidizi aliyeshika usukani. Alikuwa na takriban saa 1,400 angani, na mitandaoni alishambuliwa kwa maneno ya aibu hata kabla ya data kusomwa. Pembeni yake alikaa kapteni, ambaye kazi yake ni kufuatilia namba na kutamka kila kinapoharibika kitu. Kampuni ya ndege ndiyo inayoamua rubani mwenye saa chache aachiwe kutua katika upepo gani. Kwangu mimi, kiwango hicho kinastahili kuulizwa kwanza. Vilevile, je, marubani wanafundishwa kwamba upepo ukikuongezea kasi karibu na ardhi, utakunyang'anya sekunde chache baadaye?